Visiwa vya Maldivi: Ardhi Inayofanywa na Bahari



Mtu akisimama pwani ya Kisimayu, akaelekeza uso wake kwenye matlai ya jua, kisha akajaaliwa kusafiri juu ya maji moja kwa moja pasipo kupinda kaskazini wala kusini, hatakutana na mti wala jiwe kwa zaidi ya kilomita 3,000, mpaka atakapofika mahali ambapo vilele vya minazi huonekana vimechomoza katika bahari yenyewe, kwa sababu ardhi iliyovibeba iko chini mno hata baharia mwenye macho makali haioni mpaka amekwisha kuikurubia. Hapo ni ncha ya kusini ya dola ya Maldivi. Kutoka hapo visiwa vyake hupanda kuelekea kaskazini kwa masafa ya zaidi ya kilomita 800, vikavuka mstari wa istiwai, vikaishia karibu na digrii 7 za latitudo ya kaskazini. Navyo ni zaidi ya 1,190 kwa hesabu, vimejipanga katika pete 26 za miamba ziitwazo atolu, na katika hivyo vyote visivyofika 200 ndivyo vinavyokaliwa na raia. Walakini ukiikusanya ardhi yao yote ukaiweka pamoja utapata kiasi cha kilomita za mraba 300, ambazo hazijazi kisiwa chetu cha Mafia. Mahali pa juu kabisa pasipoinuliwa kwa kifusi hapazidi mita 2.4 kutoka usawa wa bahari, na zaidi ya sehemu nne katika tano za nchi haziinuki hata mita 1.

Nchi hii husemwa siku hizi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya wauzaji wa safari, ambao huonyesha mchanga mweupe na vyumba vya mbao vilivyojengwa juu ya maji, pasipo mtoto wala mzee wala msikiti. Na namna ya pili ni ya wenye huruma, ambao huitaja Maldivi kama mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa, wakawa wanangoja tu mwaka wa maziko yake. Namna zote mbili hunihuzunisha, kwa kuwa zote huidhania ardhi ile kuwa ni kitu kilichowekwa mahali pake mara moja tangu dahari, kisha kikaachwa. Ardhi ya Maldivi ni kazi inayofanywa kila siku na viumbe hai, na pepo, na mikondo ya maji. Nao watu wake wameishi juu ya kazi hiyo karne nyingi, wakiijua tabia yake kuliko sisi tunavyoijua tabia ya udongo wetu. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza jioni hii, na kila nitakalolitaja mintarafu ya dini, biashara au siasa ya visiwa hivyo nitalitaja kwa ajili hiyo.

Tuanze na asili. Katika zama ambazo akili ya mwanadamu haiziwezi ila kwa taabu, kiasi cha miaka milioni 60 iliyopita, bamba la ardhi linalobeba Bara Hindi lilipokuwa likisogea kaskazini lilipita juu ya mahali penye moto mkali chini ya sakafu ya bahari, moto ule ule ambao hata leo unawaka chini ya kisiwa cha Réunion. Na kila lilipopita liliacha nyuma yake safu ya milima ya volkano, ambayo kwa utaratibu wa umri wake ni Lakadivi, kisha Maldivi, kisha Chagos, na mwishoni kabisa Mauritius. Milima ile ilipopoa ilianza kudidimia, polepole mno, na matumbawe yaliyokuwa yameota pembezoni mwake, ambayo hayawezi kuishi pasipo nuru ya jua, yalijitahidi kujenga kuelekea juu kwa kadiri mlima ulivyozama, kizazi kikisimama juu ya mifupa ya kizazi, mpaka mlima ukapotea kabisa na ikabaki pete ya mwamba iliyozunguka maji matulivu. Hii ndiyo nadharia aliyoitoa Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1842, naye hakupata kufika Maldivi hata siku moja. Alitegemea ramani zilizopimwa na nahodha Robert Moresby kati ya mwaka 1834 na 1836, ramani zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa na mabaharia waliougua homa wakati wa kazi. Leo wajuzi wa miamba wamekwisha kuthibitisha kwamba chokaa ya matumbawe iliyolala juu ya volkano za kale ina unene wa zaidi ya kilomita 2. Kwa hiyo Maldivi, ambayo kwa macho ya juu ni nchi fupi kuliko zote ulimwenguni, kwa hakika ni jengo refu lililojengwa na viumbe ambao mkubwa wao hapiti ukucha wa kidole.

Lakini mwamba si kisiwa. Mwamba hukaa chini ya maji au sawasawa nayo, na mwanadamu hawezi kulala juu yake; kisiwa ni mchanga uliorundikana juu ya mwamba huo, na rundo hilo ni changa, kwani visiwa vingi havizidi umri wa miaka elfu chache. Na mchanga huo unatoka wapi, katika nchi isiyo na mto wala jabali? Sehemu yake kubwa hutoka tumboni mwa samaki. Pono, ambaye sisi watu wa pwani tumempa sifa ya usingizi peke yake, hushinda mchana kutwa akiuma matumbawe kwa meno yake yaliyoungana, akayasaga kooni ili apate kula mwani ulioota humo, kisha akayatoa yamekwisha kuwa unga mweupe. Na wachunguzi waliofanya kazi katika kisiwa kimoja cha Maldivi walikuta kwamba pono ndiye mletaji wa sehemu kubwa kabisa ya mchanga uliokijenga. Mwengine huletwa na mwani wenye chokaa, na mwengine na magamba ya viumbe wadogo wadogo. Basi akivuliwa pono akaisha, au tumbawe likifa, kiwanda kile husimama, hata kama maji ya bahari hayakupanda kwa kimo cha unywele.

Mchanga huo, ukisha kufika pwani, hautulii. Watu wa Maldivi wana misimu miwili mikubwa, hulhangu wa upepo wa kusini-magharibi, unaoanza kadiri ya mwezi wa Mei, na iruvai wa upepo wa kaskazini-mashariki, unaoanza kadiri ya Desemba. Nanyi mliozaliwa kati ya Lamu na Kilwa mmekwisha kutambua kwamba hizi ni kusi na kaskazi zetu, pepo zile zile zilizowachukua mababu zetu na kuwarudisha. Ndani ya misimu hiyo wamegawa mwaka katika vipindi 27, kila kimoja siku 13 au 14, wakiviita nakaiy, na kwa vipindi hivyo hujua lini wapande, lini watweke, na lini bahari itachafuka kwa siku kadhaa kisha itulie. Upepo ugeukapo, mikondo ya maji hugeuka nao, na mchanga wa pwani huhama kutoka upande mmoja wa kisiwa ukaenda upande wa pili, hata mtu aliyekiona kisiwa kidogo mwezi wa Februari akirudi Agosti hukuta fukwe zake zimebadilisha mahali. Miezi sita baadaye mchanga hurudi. Wenyewe hawakuhesabu jambo hili kuwa ni msiba. Nyumba zao za kale zilisimama ndani, mbali na maji, na ukingoni mwa kisiwa waliacha kichaka kinene kikashika mchanga kwa mizizi yake na kuvunja upepo wa chumvi. Busara hiyo ya kuacha ukingo ujiendee ndiyo iliyosahauliwa zaidi katika siku zetu, nami nitairudia.

Juu ya mchanga huo mtu huweza kuishi kwa sababu ya neema nyingine iliyofichika. Mvua inyeshapo hupenya chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake ndani ya mchanga wenyewe, yakafanya tabaka ambalo ni nene katikati ya kisiwa na jembamba pembezoni. Chimba kisima cha kina cha mtu mmoja utayafikia, chota kwa pupa utavuta chumvi ya chini ipande. Katika visiwa vya kusini, kama Fuvahmulah ambacho ni cha pekee kwa kuwa na maziwa mawili ya maji baridi, watu walilima magimbi katika mashimo ya matope, na kwengineko mshelisheli na mnazi ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba; mchele ulitoka ng'ambo. Mji mkuu wa Malé, ambao kisiwa chake asilia hakikupata kilomita za mraba 2 na ambao pamoja na vitongoji vyake sasa una zaidi ya watu 200,000, ulikwisha kumaliza tabaka lake la maji zamani, ukawa unakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Na mwezi wa Desemba mwaka 2014 moto ulipounguza sehemu ya mitambo hiyo, mji mzima ukakaukiwa, hata Bara Hindi ikapeleka maji kwa meli na ndege. Watu waliozungukwa na bahari kila upande walisimama katika safu wakingoja chupa.

Sasa niseme juu ya watu. Lugha yao, Kidivehi, ni ya ukoo mmoja na Kisinhala cha Sri Lanka, na huandikwa kwa herufi ziitwazo thaana, ambazo huanzia kulia kama Kiarabu, na tisa za mwanzo katika hizo zilifanywa kutokana na tarakimu za Kiarabu, na tisa zinazofuata kutokana na tarakimu za zamani za wenyeji: ubunifu ambao sijui mfano wake katika taifa jingine. Dini yao ya kale ilikuwa ya Buddha. Mwaka 1153, yaani 548 Hijria, mfalme wao alisilimu na raia wakamfuata, miaka chini ya 50 baada ya kuandikwa kwa tarehe iliyo katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi hapa kwetu. Ibn Battuta, aliyefika huko karne mbili baadaye, alisimuliwa kwamba jini wa baharini alikuwa akitoka kila mwezi kudai mwanamwali, akaachiwa katika hekalu la pwani, mpaka mgeni aitwaye Abu al-Barakat al-Barbari alipokaa badala yake usiku kucha akisoma Kurani, na jini akatokomea. Wengine husema aliyewasilimisha ni mtu wa Tabriz. Wako pia wanazuoni waliodhani kwamba huyo al-Barbari asili yake ni Berbera, katika pwani ya Wasomali, na kama ni kweli basi nuru ile ilitoka Afrika ya Mashariki. Sitakata hukumu. Ila hadithi ile tamu isitusahaulishe kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na upande mchungu, kwa kuwa mabamba ya shaba yaliyochorwa maandishi mwishoni mwa karne ya 12 yanataja kuvunjwa kwa nyumba za ibada za zamani na kuuawa kwa watawa wake.

Uislamu wao ulijengwa kwa tumbawe kama wetu. Msikiti wa Ijumaa wa Malé, uitwao Hukuru Miskiy, ulimalizika mwaka 1658 katika enzi ya Sultani Ibrahim Iskandar wa Kwanza, na kuta zake ni vipande vya tumbawe vilivyokatwa baharini vikiwa bado laini, vikachongwa nakshi na aya, vikapachikwa kimoja katika kimoja pasipo chokaa, hata kiungo chake kwa shida kuonekana. Aliyeona mihirabu ya Kilwa na ya Gedi hatakuwa mgeni mbele ya kuta zile: ni bahari ile ile, jiwe lile lile, na maarifa ya fundi yule yule anayejua kwamba tumbawe likisha kukauka juani halikubali tena patasi.

Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa amefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alitia nanga Maldivi mwaka 1343 akazuiliwa awe kadhi, kwa kuwa mtu wa elimu yake ni adimu katika visiwa. Alioa huko wake kadhaa. Aliwaamuru wanawake wajifunike kifua, nao hawakumtii. Alikuta nchi inatawaliwa na mwanamke, Sultana Khadija, ambaye jina lake lilitajwa juu ya mimbari katika hotuba ya Ijumaa. Na mwaka uliofuata aliondoka kwa kukosana na waziri. Karne nne kabla yake al-Masudi, ambaye naye aliijua pwani ya Zenji kwa kusafiri, alikuwa amekwisha kuandika kwamba visiwa hivyo vina malkia. Ninayataja haya kwa wale wanaodhani kwamba visiwa vya mbali ni visiwa vilivyosahauliwa. Mtu wa Malé wa karne ya 14 alikuwa na habari za Yemeni, Bengal na Uchina kuliko mkulima wa Ulaya alivyokuwa na habari za wilaya ya jirani yake.

Kilichowaleta wageni hao kilikuwa ni vitu vitatu, na vyote vitatu mtu wa mwambao wetu anavijua kwa mikono yake. Cha kwanza ni kamba ya makumbi ya nazi, ambayo wanawake waliyafukia katika mashimo ya pwani, wakayafukua, wakayaponda, wakayasokota usumba wake, kama wafanyavyo wanawake wa kusini ya Unguja hata leo. Kamba hiyo ilipelekwa Bara Hindi, Yemeni na Uchina kushonea vyombo, kwani chombo kilichoshonwa, kama mtepe wetu, hujipinda kikigonga mwamba pale ambapo chombo cha misumari hupasuka. Cha pili ni samaki, nami nitamrudia. Cha tatu ni kauri.

Kauri ya Maldivi ni ndogo, nyeupe, yenye kung'aa, nayo ilipatikana katika maji haba kwa wingi usio kifani. Watu waliingia majini wakaziokota, wakazifukia mchangani mpaka nyama yake ikaoza, kisha ikabaki sarafu isiyooza, isiyoghushika, na isiyo na sura ya mfalme yeyote juu yake. Ibn Battuta anasema kwamba visiwani zilibadilishwa 400,000 kwa dinari moja ya dhahabu, na bei ikianguka hufika hata milioni; na katika miji ya Mali, upande wa pili wa Afrika, alikuta kauri 1,150 tu zinatosha kwa dinari hiyo. Tofauti ya bei hizi mbili ndiyo iliyoendesha majahazi kwa karne nyingi. Watu wa Bengal walizichukua wakalipa mchele, na visiwa visivyoweza kuota mpunga vikala wali. Kisha wakaja Wareno, Waholanzi na Waingereza, wakazipakia chini ya shehena zao kama mawe ya kutuliza chombo, wakazifikisha Ulaya, na kutoka Ulaya pwani ya Guinea, wakazitumia kununulia watu. Mwanamke aliyeinama katika maji ya magotini kule Maldivi hakujua kwamba kauri alizoziokota zingehesabiwa siku moja juu ya ufuo wa Whydah, kwa maelfu, kuwa thamani ya mwanamke mwenzake. Nalisema hili kwa moyo mzito, maana pwani yetu haikusalimika na jambo hilo. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri kubwa zaidi ya pwani ya Zanzibar inapatikana kwa bei rahisi, wakaimwaga Afrika ya Magharibi kwa shehena juu ya shehena, mpaka sarafu ile ikakosa thamani, akiba za wazee zikawa magamba tu, na soko la Maldivi likafa pamoja nazo.

Samaki hakufa. Jodari ndiye mhimili wa maisha yao, na namna ya kumvua haikubadilika sana ila kwa kutiwa mashine katika madhoni, ambazo ndizo mashua zao, tangu miaka ya 1970. Alfajiri wavuvi hupata chambo cha visamaki hai kutoka miambani, wakavitunza ndani ya chombo katika maji yanayopitapita. Wakikuta kundi la jodari huvirusha visamaki baharini, na watu wakasimama tezini kila mmoja na ufito wake na mshipi wenye ndoana isiyo na kijino, wakawanyanyua samaki mmoja mmoja, kwa kasi ya kushangaza. Nyavu kubwa za kuzungusha jodari zimekatazwa kwao kwa sheria, na mwaka 2010 walikataza pia uvuvi wa papa. Jodari huyo huchemshwa, akakaushwa kwa moshi na jua mpaka akawa mgumu kama gogo, na kwa hali hiyo aliliwa Sri Lanka tangu zamani. Mchuzi wake mwepesi huitwa garudhiya, na ukichemshwa mchana kutwa hata ukabaki uji mzito wa rangi ya kahawa huwa rihaakuru, ambao hutiwa katika kila kitu. Asubuhi humkata vipande vidogo, wakamchanganya na nazi iliyokunwa, kitunguu, ndimu na pilipili, wakala kwa chapati. Na usiku wa furaha huzipiga ngoma zao kubwa za magogo, bodu beru, kuanzia pole hadi kasi ya kupandisha watu mori. Ni ngoma ambazo wao wenyewe wanakiri kuwa zilitoka Afrika, na masikio yetu hayahitaji shahidi mwingine.

Siasa yao nitaipitia kwa haraka. Wareno waliwatawala kuanzia 1558 mpaka 1573, wakafukuzwa na Muhammad Thakurufaanu wa kisiwa cha Utheemu, ambaye alikuja usiku kisiwa baada ya kisiwa. Waingereza waliwatia chini ya himaya yao mwaka 1887 pasipo kuingilia sana mambo ya ndani, wakajenga uwanja wa ndege za kivita katika kisiwa cha Gan, upande wa kusini. Atolu za kusini zilijitangazia dola yao mwaka 1959, ikavunjwa baada ya miaka 4. Uhuru ulipatikana tarehe 26 Julai 1965, na usultani ukaondolewa mwaka 1968. Hoteli ya kwanza ya watalii ilifunguliwa mwaka 1972, na yaliyofuata mnayajua.

Nije kwenye hofu ya zama zetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1987 mawimbi makubwa yaliyotoka mbali katika bahari ya kusini yaliupiga mji wa Malé, na Oktoba ya mwaka huo Rais Maumoon Abdul Gayoom alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaieleza dunia kwamba bahari inapanda kwa matendo ya wanadamu, katika wakati ambao wakubwa wachache walikuwa tayari kumsikiliza; na miaka miwili baadaye nchi hiyo ndogo iliyaita mataifa mengine madogo Malé, yakatoa tamko la pamoja. Alikuwa wa mbele katika jambo hili, na heshima hiyo haijalipwa. Lakini mkitazama vizuri mtaona kwamba mawimbi ya 1987 yaliharibu zaidi sehemu za mji zilizokuwa zimefukiwa kwa kifusi, pale ambapo watu walikuwa wamejaza maji haba mpaka ukingoni mwa mwamba, wakaondoa ule uwanda wa matumbawe ambao kazi yake ni kuyachosha mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Baada ya hapo ulijengwa ukuta wa saruji kwa msaada wa Japani kuuzunguka mji, na tangu 1997 kikainuliwa kisiwa kipya cha Hulhumalé, kiasi cha mita 2 juu ya bahari, ambacho leo kimeunganishwa na Malé kwa daraja. Siwalaumu, watu laki mbili hawawezi kungoja mchanga. Ila ukuta huulinda mji kwa kuuua ufuo wake, na kila kisiwa kinachochimbiwa bandari kwa kukatwa mwamba wake hupoteza mchanga unaomwagika kilindini usirudi tena.

Maji ya bahari za dunia yanapanda kiasi cha milimita 4 kwa mwaka, na mwendo huo unaongezeka. Mwamba wenye afya umepata kupanda pamoja na bahari zamani, na upimaji wa visiwa vingi vya namna hii, hasa katika Pasifiki, umeonyesha kwamba aghalabu havikupungua katika miongo ya karibuni, bali vimegeuza umbo na kuhama. Hii si sababu ya kulala. Ni sababu ya kujua mahali penye hatari yenyewe, yaani joto linaloua matumbawe: mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya maji haba karibu yote ya Maldivi yaligeuka meupe yakafa, yalianza kurudi kwa uchungu, na mwaka 2016 yakaunguzwa tena. Mjenzi akiuawa kila baada ya miaka michache hatapata wasaa wa kuinua ukuta.

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalipita juu ya visiwa hivyo. Yaliua zaidi ya watu 80, idadi inayoumiza katika taifa dogo, lakini huko Sri Lanka yaliua zaidi ya 30,000. Na sababu moja ya tofauti hiyo ni kwamba kuta za atolu hushuka wima kilindini, hata wimbi halipati mteremko wa kujikusanyia kimo, nalo likavunjwa na mwamba kabla ya kufika. Kisiwa cha Kandholhudhoo, kilichokuwa kimejaa nyumba mpaka ukingo wa maji, kikawa hakikaliki. Watu wake walitawanywa katika visiwa vya jirani kwa miaka, kisha wakajengewa kijiji kipya katika kisiwa cha Dhuvaafaru, wakahamia humo kwa pamoja, imamu na wavuvi na walimu wao. Ninaliona tukio hilo kuwa na maana kubwa kuliko mkutano wa mawaziri uliofanywa chini ya maji mwaka 2009, uliopigwa picha dunia nzima. Kwa maana hapa palikuwa na taifa linalohamisha watu wake ndani ya nchi yake, kutoka mchanga mmoja hadi mchanga mwingine, kama walivyofanya mababu zao mara nyingi kisima kilipoharibika au pwani ilipoliwa.

Rais Mohamed Nasheed alipata kusema, mwaka 2008, kwamba huenda ikabidi kununua ardhi katika nchi nyingine. Wengi wa raia hawakulipenda wazo hilo, na mimi nawaelewa. Milki ya taifa lile si zile kilomita za mraba 300; ni bahari ya kilomita za mraba laki kadhaa inayopimwa kutoka katika visiwa vyake, na Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliandikwa na watu waliodhani kwamba pwani hukaa mahali pake milele. Mwaka 2021 viongozi wa visiwa vya Pasifiki walitangaza kwamba mipaka yao ya baharini haitapunguzwa hata maji yakipanda. Na mwaka 2023 mahakama ya sheria ya bahari iliyoko Hamburg ilichora mpaka wa maji kati ya Maldivi na Mauritius karibu na Chagos. Nawasihi wanafunzi wa sheria na wa jiografia waliomo humu waishike mas'ala hii kwa pamoja, wasiwaachie wageni, kwani sisi nasi tunacho Fungu Mbaraka, kile kisiwa kitupu cha ndege kusini-mashariki mwa Unguja, kilichoinuka mita chache tu juu ya maji, na sehemu ya bahari ya Tanzania hupimwa kutoka kwake.